Pua ya Jumamosi

Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na tisa. Sipendi kujisifu, lakini hapa lazima nianze na sifa ndipo aibu ieleweke. Nilikuwa na pua. Nikiwa stoo, milango miwili kutoka jikoni, nilijua maharage yameanza kushika chini ya sufuria kabla msaidizi wangu aliyesimama mbele yake hajajua. Siku moja mwalimu mkuu alileta samli kutoka duka jipya, nikanusa kifuniko tu, nikamwambia airudishe kwa sababu ilikaa karibu na sabuni. Akairudisha. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na blanketi, nikaenda nyumbani na pua yangu.

Ndiyo maana nilipojiunga na kikundi cha kujitolea kinachong'oa magugu katika bustani ya mji, mwezi haukuisha wakawa wananiita Mama Pua. Nami niliitika vizuri tu.

Bustani ni kubwa. Ina kijito katikati, njia za kutembea, mabenchi yaliyopakwa rangi ya kijani, na upande wa mashariki kuna vichaka ambavyo hata paka hapiti. Mmea tunaoung'oa ulitoka mbali. Waliouleta waliupenda kwa maua yake, wakaupanda kwenye vitalu karibu na lango, ndege wakala matunda yake na kwenda kunya mbegu kila pembe. Ukasonga miti midogo, ukaziba njia, ukakimaliza kichaka cha asili kilichokuwa kando ya kijito tangu enzi za babu zetu. Sisi tunauita mgeni. Kile cha asili tunakiita mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila nadhani hawakuwahi kukutana na mgeni huyu.

Kumng'oa mgeni aliyekomaa kunataka mgongo tu. Unakata maua na matunda, unayatia kwenye gunia yasidondoke, kisha mtu mwenye nguvu anachimba shina kwa jembe na kuligeuza mizizi juu, jua limalize kazi. Shida iko kwenye miche. Mgeni na mwenyeji wakiwa na urefu wa kidole wanafanana kabisa: majani mawili mawili, meno pembeni, vinyweleo juu. Bwana Miti, ambaye ni afisa wa baraza la mji anayetusimamia, ana kitabu chenye picha zao, na hata hizo picha zinafanana. Kuna njia moja tu ya kuwajua. Unafinya jani kwa vidole viwili, unanusa. Mwenyeji ananukia ganda la limau. Mgeni ananuka beberu aliyemwagikiwa mafuta ya taa. Baada ya hapo unang'oa au unaacha.

Kwa miaka miwili hakuna mche ulionidanganya. Halafu nikaugua mafua.

Yalikuwa mafua ya kawaida, wiki mbili za homa na chai ya tangawizi. Homa ikaondoka, na ilipoondoka ikabeba na pua. Niligundua siku niliyokaanga vitunguu, nikasimama juu ya kikaango nikingoja harufu iniambie vimeiva. Vikageuka rangi, vikawa vyeusi, na mimi bado nangoja. Nesi wa zahanati akaniambia kwamba mara nyingi inarudi, mara nyingine hairudi, nivute subira. Mwezi wa kwanza nilivuta subira. Mwezi wa tatu niliacha kuvuta, lakini sikumwambia mtu.

Utaniuliza kwa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, na methali hiyo nimewasomea watu wengi kwa kidole. Lakini jaribu kuwa mimi. Mume alishakufa. Mtoto wako wa pekee ni dereva wa malori ya masafa, anakuja nyumbani siku tatu kwa mwezi, na mbili kati ya hizo analala. Magoti yanalalamika kila ukiinama. Halafu kitu kimoja ambacho watu wanakutafutia, ambacho wamekupa na jina, ndicho hicho kimeondoka. Ningesema, ningebaki mama mzee mwenye gunia. Niliogopa hilo, na leo sioni haya kulitamka.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi. Wiki kumi baada ya homa ile, mke wa mwanangu alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amehamia kwangu tangu mimba ilipokuwa kubwa, maana mume wake yuko barabarani, kwa hiyo mtoto aliletwa moja kwa moja kutoka hospitali mpaka kitandani kwangu. Nikamwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, nikamwambia mama yake kuanzia leo ajihesabu mke mwenza. Majirani walipokuja kumwona, kila mmoja alimnusa utosini na kufumba macho. Nami nilimnusa, nikafumba macho, nikasema, "Jamani, ananukia huyu." Nilikuwa nanusa hewa. Niliumia, na maumivu hayo sikuwa na pa kuyapeleka, kwa sababu nani atakuonea huruma unayemlilia mtoto mzima, mnene, mwenye afya?

Kwenye bustani nilijitafutia mbinu. Nilijipa kazi ya kuwafundisha wapya. Nafinya jani, nalinusa kwa madaha, kisha nampa mwanafunzi. "Haya, niambie ni nani huyu. Nataka nione kama umeelewa." Akisema limau, natikisa kichwa kumkubalia. Akisita, namtazama usoni, maana mtu akinusa beberu uso unajikunja wenyewe. Nilisoma nyuso zao kama zamani nilivyosoma mvuke wa sufuria, na kila mtu akasema Mama Pua ni mwalimu mzuri, anakuacha ujaribu mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kando ya kijito.

Mvua zilipoanza, Bwana Miti alituita chini ya kibanda cha vifaa. Ni mtu mpole, mrefu, kofia yake haijawahi kufuliwa. Alisema mwenyeji ameanza kuota tena kando ya kijito, kwa mara ya kwanza tangu alipopata kazi ile. Alikuwa amehesabu miche mia mbili na kumi, na mgeni naye alikuwa amechipuka katikati yake. Alikizungushia kipande kile cha ardhi vigingi na kamba. Hakutaka watu wengi wakikanyage. Alitaka mtu mmoja, Jumamosi tatu mfululizo, aondoe mgeni bila kumgusa mwenyeji.

"Nimefikiria sana," akasema, "na sina mwingine zaidi ya Mama Pua."

Wote wakanigeukia wakitabasamu. Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu ukasema, "Hamna shida."

Kwa hiyo nikajikuta peke yangu ndani ya kamba, bila uso wa kusoma. Jirani yangu wa karibu alikuwa Fundi Viatu, mwenzetu wa kikundi, ng'ambo ya gogo lililolala hapo, naye alikuwa anakata maua ya mgeni mkubwa. Macho yake ni mabovu, amezeeka na sindano mkononi, kwa hiyo hapewi miche. Nilichuchumaa nikaitazama ile miche kama mtu aliyepotelewa na funguo. Nilitazama muda mrefu. Na kwa sababu nilitaka sana kuona tofauti, nikaiona. Mingine ilikuwa na wekundu kwenye shina, chini kabisa, karibu na udongo. Mingine haikuwa nao. Nikajiambia: ndiyo hiyo. Mgeni ana damu ya mgeni. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikafikiri nimemshinda hata Bwana Miti na kitabu chake. Nikang'oa kila mche wenye shina jekundu, Jumamosi ya kwanza gunia nusu, ya pili gunia nusu, yote yakaenda shimoni na kuchomwa.

Sasa niseme kuhusu mke wa mwanangu, maana Jumamosi ya tatu ni yake.

Anafanya kazi kwenye duka la miwani, anapima watu macho, na wakati ule alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Ni mtu wa maneno machache sana. Tuliishi vizuri, mavyaa na mkaza mwana, kila mtu akimpisha mwenzake mlangoni, pokea mama, asante mama, lala salama mama. Heshima ikizidi hivyo inakuwa baridi. Nilikuwa nikimwambia mwanangu kwenye simu, mkeo huyu nampenda, ila sijui kama yupo.

Jumamosi hiyo alikuja bustanini saa nne asubuhi, mtoto mgongoni, chupa ya maji mkononi. Akasema amechoka na kuta. Akaketi kwenye gogo, nje ya kamba, karibu na gunia langu. Mikono yake haijui kukaa bure, kwa hiyo akachomoa mche mmoja kutoka kwenye gunia, akaufinya, akaunusa. Akachomoa wa pili. Kisha akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akatoa wa tatu.

"Mama," akasema, "hebu nusa huu."

Nikaupokea, nikaunusa, nikakunja uso vizuri. "Mgeni."

"Na huu?"

"Mgeni huyo. Wewe, unanipa mtihani?"

"Na huu, mama?"

Nikamtazama usoni kama nilivyozoea, nikakuta mlango umefungwa. Wapima macho wana uso wao wa kazini, hausemi ndiyo wala hapana, na ulikuwa huo. Ngumi yake ilikuwa karibu na pua yangu. Nikavuta pumzi.

"Mgeni," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kunikimbia.

Akafungua ngumi polepole. Hamkuwa na kitu.

Nilikaa chini kwenye udongo. Yeye akashuka kwenye gogo, akaruka kamba, akachuchumaa mbele yangu na mtoto wake mgongoni.

"Dukani wanakuja watu wanaokariri herufi," akasema. "Wanakaa kwenye kiti cha kusubiri, wanawasikiliza wenzao wakisoma ule ubao, wanazishika zote kichwani. Wakiingia wanasoma vizuri kuliko mimi. Mpaka nibadilishe ubao."

"Unawafanyaje?"

"Siwafanyi kitu. Huwa ni watu wanaoendesha magari, au wanashona, au wanafundisha. Wanaogopa tu." Akamtengeneza mtoto mgongoni. "Nimekuona na wale wapya, mama. Jumamosi mbili za mwezi uliopita nilikuwa nakuja nakaa kwenye lile benchi. Hukuwahi kujibu kabla yao."

Hapo nilikasirika, nisiseme uongo. Nilitaka kumuuliza nani alimtuma kunipeleleza. Lakini nilimwona mkono wake umeshika mche, unautunza usikauke, nikamuuliza lililo na maana. "Hii ni nini niliyong'oa?"

"Limau. Karibu yote."

"Ina shina jekundu."

Akatazama kipande kizima, kisha akatazama juu, kwenye uwazi kati ya matawi. "Iliyo kwenye jua yote ni nyekundu, mama. Iliyo kivulini haina. Naona ni jua tu."

La kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa nimevundisha kwa mikono yangu, tena kwa furaha. Sikulia, lakini nilikuwa karibu. Magunia mawili ya nusu yalikuwa majivu. Akili yangu ikaanza kuhesabu, ikakataa kumaliza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ile homa."

Niliona anapiga hesabu ya miezi. Akafika alikofika. Mkono wake ukaenda nyuma, ukagusa kichwa cha mtoto, na macho yake yakaniacha haraka yakatazama maji. Alikuwa ameelewa. Ningependelea anikasirikie kwa ajili ya miche.

Alisema, "Hii ya leo ina saa moja tu tangu itoke. Mizizi bado ni mibichi. Chimba mashimo."

Tukafanya hivyo. Nilitoboa udongo kwa kidole, shimo kwa shimo, yeye akanusa mmoja mmoja na kunipa. Walikuwa sitini na nne wa mwenyeji na kumi na mmoja wa mgeni. Alikuwa anasema "limau" kila anaponipa mmoja, kwa sauti ya chini, mpaka nikazoea kupokea neno hilo pamoja na mche. Mtoto aliamka akataka kunyonya, akamnyonyesha palepale ameegemea gogo, huku mkono mmoja ukiendelea kufinya majani. Nilimfunika kwa kanga yangu. Tulipomaliza tulichota maji ya kijito kwa ile chupa, tukamwagilia. Fundi Viatu akapaza sauti kutoka upande wake, "Leo Mama Pua ana msaidizi," nami nikamjibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aendelee na maua yake.

Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza mke wa mwanangu, "Utamwambia Bwana Miti?"

"Mimi? Hapana. Anayekalia kiti ndiye anayesema anaona nini."

Wiki ile nilikula kidogo. Nilikuwa na hadithi tatu zilizo tayari: wadudu, mafuriko, na mbuzi wa watu. Kila moja ilikuwa nzuri ukiisikia usiku na mbovu ukiiamkia asubuhi.

Jumamosi ya nne Bwana Miti alikuja na daftari kuhesabu. Sisi wengine tulisimama nje ya kamba, mke wa mwanangu nyuma kidogo na mtoto begani. Alihesabu mara moja, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Ile miche tuliyoirudisha udongoni, nusu ilikuwa imesimama na nusu imelala. Kivulini ilikuwepo michache. Juani, mahali ilipokuwa mingi, palikuwa patupu. Alivua kofia yake, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara.

"Sabini na nane," akasema.

Akatazama huku na huku, akitafuta maelezo kwa upole wake ule, na macho yake yakaishia kwenye gogo. "Fundi, wewe ulikuwa hapa jirani. Hukuvuka kamba?"

Fundi Viatu akafikiri. Ni mtu asiyejibu haraka. "Sikumbuki kuvuka," akasema, "lakini macho yangu unayajua. Kuna siku kamba sikuiona mpaka ikanishika mguu. Huenda nilivuka."

"Basi itakuwa hivyo. Mama Pua asingekosea." Akaweka kofia kichwani. "Naomba usinielewe vibaya, mzee. Kuanzia leo ukae upande wa lango, kwenye yale makubwa. Huku usije."

"Sawa," akasema Fundi Viatu. Akaanza kuvua glovu zake. Glovu zile alizishona mwenyewe kwa ngozi ya viatu vibovu, na sote tulivaa za namna hiyo, alitushonea jozi kwa jozi bila kuombwa. Alizivua kidole kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mtu anayezirudisha.

Nilitazama nyuma. Mke wa mwanangu alikuwa anamtikisa mtoto na kutazama miti. Hakuwa ananisubiri, au kama alikuwa ananisubiri hakutaka nijue.

"Fundi, vaa glovu zako," nikasema. "Ni mimi."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani. Nikaendelea kabla mdomo haujabadili mawazo. Nikawaambia pua yangu ilikufa miezi mitano iliyopita. Nikawaambia kuhusu shina jekundu. Nikawaambia kwamba nilikuwa nawatazama nyuso wale niliowafundisha, na kwamba walijifundisha wenyewe. Nilisema yote nimesimama na gunia mkononi.

Bwana Miti alinitazama. "Ungeniambia, ningekupa kazi nyingine, mama."

"Najua. Hiyo kazi nyingine ndiyo nilikuwa naikimbia."

"Nimesubiri miche hii miaka sita."

"Najua, mwanangu."

"Nimesikitika," akasema, na sikumwona akilazimisha upole. Alisikitika kweli, na alikuwa na haki. Akarudi ndani ya kamba, akachuchumaa, akaanza kuinyanyua ile iliyolala na kuiegemeza kwa vijiti. Hakuna aliyekuja kunishika bega, wala sikustahili. Watu wakatawanyika kwenda kazini.

Fundi Viatu ndiye aliyebaki. Akavaa glovu, akakunjua na kukunja vidole. "Kwa hiyo mimi sioni na wewe husikii harufu," akasema. "Tukiunganishwa anapatikana mtu mmoja, naye ana magoti mabovu. Shika gunia upande huo."

"Ulikuwa unakubali tu kosa lisilo lako?"

"Nilikuwa sina uhakika. Ukizeeka unakuwa huna uhakika na mengi." Tulibeba hatua kadhaa. "Ila nashukuru. Nilikuwa nimeshaanza kujichukia."

Tulibeba magunia mpaka saa saba. Ilikuwa kazi ileile niliyoiogopa, mama mzee na gunia, na sitakudanganya kwamba niliipenda. Mgongo uliniuma. Lakini nilikula chakula cha mchana chote.

Nyumbani, jioni ile kabla jua halijazama, nilikuwa namwogesha mtoto kwenye beseni ukumbini. Hiyo ilikuwa kazi yangu kila siku. Nilimkausha, nikampaka mafuta, nikamlaza kwenye mapaja. Mama yake akaja akaketi chini karibu yangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akavuta magoti kifuani.

"Mama," akasema. "Nikwambie anavyonukia?"

Nilimfunika mtoto miguu, nikamwambia aseme.

"Mimi si mtu wa jikoni," akasema, "sijui kama nitapatia. Unakumbuka maziwa, kabla hayajachemka, yanapoanza tu kupata moto?"

"Nakumbuka."

"Ni hapo. Hayajachemka. Halafu kuna kitu kikavu. Sijui niseme unga?"

"Unga wa nini?"

"Unga tu."

"Unga una harufu zake, mwanangu. Wa ngano uko mbali na wa mahindi. Uliokobolewa au ambao haujakobolewa?"

Akamwinamia mtoto, akanusa utosini, akafikiri kwa macho yaliyofumbwa. Alikuwa makini kama yuko kazini. "Wa ngano. Mpya. Ukifungua mfuko ule vumbi linaporuka."

"Naam," nikasema. "Naupata huo."

"Nyuma ya masikio ni tofauti. Huku kuna uchachu kidogo, maziwa yanamwagikia humu. Halafu shingoni..." Akanusa, akasita, akanusa tena. "Shingoni ni kama shati la baba yake akirudi safarini, akishaoga. Sijui hilo nikuelezeje."

"Hilo usinieleze. Nilimlea mimi."

Alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka karibu hivyo. Kisha akaweka kichwa chake begani kwangu, kizito, kichwa cha mtu ambaye halali vya kutosha, nami nikakiacha pale.

Nikamnyanyua mume wangu, nikaweka pua yangu utosini kwake, nikavuta pumzi ndefu. Maziwa ambayo hayajachemka. Unga wa ngano, mfuko umefunguliwa sasa hivi. Sikusikia hata kimoja. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua ni kitu gani ambacho sikisikii, na nikalia pale pale, machozi yakamdondokea kichwani, mama yake akayapangusa kwa kiganja bila kuinua kichwa chake begani kwangu.

"Shingoni sijafika," nikasema, nikamgeuza.